Aliyeacha dawa anaporudi kliniki

Kila kituo cha tiba na matunzo ya wenye virusi vya Ukimwi (VVU) nchini Tanzania, CTC kama wengi wanavyokiita, kina majalada ya watu ambao siku yao ya kuchukua dawa ilipita na hawakuonekana. Wapo waliofariki. Wapo waliohamia kituo kingine bila kuaga. Wengine wako hai, mtaa wa pili tu, na hawamezi dawa tena.

Kuwalaumu ni rahisi. Dawa za kufubaza virusi hivyo, yaani ARV, zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Tangu 2016 anayekutwa na VVU anaanzishiwa dawa bila kusubiri kinga ishuke, na tangu 2019 wengi wanameza kidonge chenye dolutegravir, kimoja tu kwa siku, bila zile ndoto za kutisha zilizowasumbua waliotumia dawa ya awali, efavirenz. Sasa kwa nini mtu aache?

Wengi huacha kwa sababu wamepata nafuu. Mwili umerudi, kikohozi kimekwisha, majirani wameacha kunong'ona. Mwaka 2011, maelfu walipopanga foleni kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500, walikuwamo waliokuwa wakitumia ARV, na baadhi yao waliziacha. Siwaiti wajinga. Kumeza dawa kila siku ni kukumbushwa ugonjwa kila siku, na anayeambiwa kwamba hayo yamekwisha, moyo wake huamini kabla ya akili. Lakini virusi hubaki vimejificha ndani ya seli za kinga, ambamo dawa haiwezi kuviondoa. Dawa ikisimama, kwa walio wengi huanza kuzaliana tena ndani ya wiki chache, na mhusika anaweza kukaa muda mrefu haumwi popote. Kila asubuhi anayoamka mzima inamthibitishia kwamba aliamua vyema.

Wengine hukwamishwa na siri. Mke ambaye hajamwambia mumewe huvitoa vidonge kwenye kopo na kuvifunga kitambaani ili visilie mkobani. Binti wa kazi za ndani analala chumba kimoja na watoto wa bosi wake; amezee wapi? Mvuvi wa dagaa Ziwa Victoria anahama kambi kufuata samaki, kadi yake imebaki kituo cha kisiwa kingine. Wapo wanaoipita zahanati ya jirani na kwenda wilaya wasikojulikana; nauli ikikosekana, siku imepita. Na ipo njaa: anayesikia kizunguzungu akimeza bila kula huahirisha mpaka siku ya chakula.

Siku moja iliyopita huleta aibu, na aibu hugeuka miezi. Wengi hurudi wakiwa wamebebwa, kifua kikuu kimeshapanda au fangasi wamefika kwenye ubongo. Wengine huletwa na ujauzito, au na simu ya mWAVIU mshauri, mtu anayeishi na VVU naye, anayewafuata wenzake hadi nyumbani. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, wahudumu wa aina hii katika nchi nyingi za Afrika walikuwa miongoni mwa waliorudishwa nyumbani. Hasara hiyo naiona kubwa kuliko inavyosemwa, maana hao ndio waliojua nyumba ilipo.

Halafu mtu anafika mlangoni. "Ulikuwa wapi siku zote?" anaulizwa mbele za watu. Anawekwa mwisho wa foleni, au anadaiwa barua ya uhamisho ambayo hana. Wako wanaogeuka hapo hapo, na safari hii ni vigumu kuwapata tena.

Kitaalamu anachohitaji kinajulikana: apimwe CD4, yaani chembe za kinga, kwani zikiwa chini ya 200 yumo hatarini, achunguzwe kifua kikuu, arudishiwe dawa mapema, isipokuwa maradhi ya ubongo yakihitaji kutibiwa kwanza. Kwa wengi kidonge kilekile chenye dolutegravir bado kitafanya kazi, na aambiwe hivyo, maana wengi hurudi wakiamini wameshaiharibu nafasi yao. Kisha mhudumu akae naye faragha amuulize nini kilimkwamisha. Mvuvi apewe dawa za miezi sita na ruhusa ya kuchukulia kituo chochote cha mwambao. Mwenye mume asiyejua apangiwe saa ambayo mume hayupo, na akiwa tayari kumwambia, asaidiwe.