Kabla ya kumwita mtoto jeuri

Lisansi yangu ni ya kilimo, si ya saikolojia. Lakini mtoto mmoja wa kwetu ndiye alinisukuma kusoma mambo haya.

Mto Mulongwe ulipofurika hapa Uvira, Aprili 2020, nyumba ya dada yangu iliondoka na maji. Yeye akitafuta pa kuanzia, mtoto wake wa miaka miwili alipitishwa kwa watu watatu, kiisha wote wawili wakafika kwetu. Alipofikisha miaka mitano, ukimwangalia tu analia: "Umenikasirikia!" Mimi nilimwita jeuri, na nilimpiga.

Siku moja nikamuuliza swali linalofanana na lile ambalo wataalamu wanatumia tangu 1983. Mama ameacha ndagala ndani ya kikapo, ametoka. Mtu amezihamisha kwenye sufuria. Mama akirudi, atazitafuta wapi? Wengi wakifika miaka 4 au 5 wanajibu: kikapo, maana mama hajui. Wetu akasema: sufuria. Jibu moja si kipimo cha mtoto, lakini lilinishtua.

Mwaka 1954 na 1955, Mary Ainsworth alifuata familia 26 katika vijiji vya Buganda, karibu na Kampala. Aliona kwamba mama aliyeweza kueleza kwa urefu mambo ya mtoto wake, mara nyingi mtoto huyo alikuwa na utulivu naye. Nyuma yake, tafiti za akina Peter Fonagy na Elizabeth Meins huko Uingereza zilionyesha kwamba watoto wenye utulivu huo mara nyingi wanajibu vizuri maswali kama lile la ndagala mapema kuliko wengine. Wanaeleza hivi: mtoto ambaye moyo wake unafahamiwa anajifunza kwamba hata wengine wana mioyo yao. Si sheria ya lazima. Lugha na ndugu wa kucheza nao pia vinahesabika.

Mama yangu hajasoma hayo. Lakini dada akienda soko, anamwambia mjukuu: "Unaogopa hatarudi, eh? Atarudi mbele ya giza." Na kweli anarudi.

Mimi niliacha fimbo, nikaanza kuuliza. Ilichukua miezi mingi. Kisha jioni moja nilirudi kutoka mashamba ya mpunga, sina neno. Akaniangalia, hakulia. Akasema: "Mjomba, hujakasirika. Umechoka tu."

Bandugu, mbele ya kumwita mtoto jeuri, tumuulize kwanza anaogopa nini.