Kalamu Iliyoruka na Amana ya Mgonjwa



Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu deni: liandikwe, liwe dogo au kubwa, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Ikiwa mali imehifadhiwa kwa kalamu namna hii, uhai wa mwanadamu wastahiki zaidi.

Tumeyakumbuka haya kwa sababu ya mama mmoja wa hapa Waa. Katika kijitabu chake cha kliniki, mahali pa kundi la damu palibaki patupu tangu mwanzo wa mimba hadi mwisho. Hakuna aliyeuliza, naye hakujua kuwa kuna la kuuliza. Alijifungua salama, tukahudhuria akika, tukaomba dua. Katika mimba ya pili ndipo ilipogundulika kuwa damu yake ni Rhesus hasi. Mama wa damu hiyo akizaa mtoto mwenye damu chanya, hudungwa sindano maalumu ndani ya saa 72, ili mwili wake usije ukaishambulia damu ya mtoto ajaye. Sindano hiyo hakuipata. Mtoto wa pili tulimzika. Qadari ya Mwenyezi Mungu haina mpinzani, lakini kumfunga ngamia kabla ya kutawakali ni wajibu wetu.

Makosa haya hayako vijijini pekee. Mwanzoni mwa mwaka 2018, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi, mgonjwa alipasuliwa kichwa kwa kudhaniwa kuwa ni mwingine, baada ya vitambulisho vya wagonjwa wawili kuchanganyika. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda ubongoni. Mwenziwe alikuwa na uvimbe usiohitaji kisu. Kosa liligunduliwa upasuaji ukiwa umekwisha kuendelea kwa saa kadhaa.

Nasi watu wa pwani majina yetu yanafanana mno. Ni kina Fatuma Juma wangapi walioko kati ya Ng'ombeni na Tiwi? Nyumbani mtu ni Mwanaisha, kitambulisho chasema Aisha. Maulamaa wa hadithi waliwapambanua wapokezi kwa jina la baba, la babu, kuniya na mji, ili mkweli asichanganywe na dhaifu. Faili la mgonjwa nalo lataka uangalifu huo.

Hata hivyo, tusiwatupie lawama wauguzi peke yao. Wako miongoni mwetu wanaomwazima dada au shemeji kadi ya bima ili atibiwe kwa jina lisilo lake. Twaiita huruma, kumbe ni ushahidi wa uongo, na tena ni hatari: ugonjwa wa huyu waandikwa katika faili la yule, na siku mwenye kadi akiletwa amezirai, daktari atasoma habari za mtu mwingine. Wako pia wanaoficha mitishamba waliyokunywa, au kunyamaza kuhusu sikoseli ya ukoo kwa kuogopa aibu. Kumficha tabibu ni kujidhulumu nafsi.

Sheria nayo iko upande wenu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 champa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli zinazomdhuru, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yatilia nguvu haki hiyo. Kuomba kosa lirekebishwe si utovu wa adabu.

Basi, akina mama, kabla ya kuondoka kliniki someni kilichoandikwa. Asiyejua kusoma amwombe bintiye. Hakikisheni jina kamili, kundi la damu, dawa zinazowadhuru na upasuaji uliopita. Mkipewa barua ya rufaa kwenda Msambweni au kuvuka feri ya Likoni, chukueni na kijitabu, kikiwa ndani ya mfuko usiopenya maji. Nanyi akina baba, liulizeni kundi la damu la wake zenu kama mnavyouliza bei ya unga.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atujaalie kuwa watunzaji wa amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.