Mvinyo wa Dodoma: ni zabibu gani zimo ndani ya chupa, na unaendana na chakula gani

Wapo wakulima wa zabibu mkoani Dodoma waliovuna kwa miaka mingi bila kuonja mvinyo uliotoka kwenye mashamba yao. Wengine hawanywi kilevi kwa sababu ya imani yao, na wengine chupa yenyewe haifiki dukani kijijini kwao. Makala hii tumewaandikia wote: anayekunywa, na asiyekunywa lakini anauza zabibu kwa watu wa mvinyo. Vitu vitatu anavyovionja mnywaji ulimini, yaani sukari, uchachu na ukakasi, ndivyo anavyovitafuta mnunuzi anapopokea kreti za mkulima. Asiyevijua hupangiwa bei na anayevijua.

Tuanze na majina, maana yanachanganya. Neno zabibu limetoka Kiarabu, na huko lina maana ya zabibu zilizokaushwa. Mvinyo ni neno la Wareno lililovaa sauti ya Kiswahili, na zamani watu wa pwani waliliita hivyo hata lile tone kali la kuunguza koo. Divai imetokana na Kifaransa, na mpaka leo tunaisikia zaidi kanisani. Kanisa nalo lina mkono wake katika habari hii: katika miaka ya 1950 wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma, na kutoka huko kilimo kikasambaa kwenye mashamba ya wananchi.

Kwa nini Dodoma? Mkoa uko kwenye mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku una ubaridi, mvua ni chache na huja msimu mmoja tu, kati ya Novemba au Desemba na Aprili. Kiangazi kirefu kinachomsumbua mkulima wa mahindi ndicho kinachoupendeza mzabibu, mradi mizizi yake ipate maji. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na huzaa mara moja kwa mwaka. Hapa hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi. Akipogoa leo, baada ya miezi minne hivi atavuna. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, kwanza kwenye Februari na Machi, kisha tena kwenye Julai mpaka Septemba. Mavuno ya kiangazi hupendwa zaidi na watengenezaji, kwa kuwa mvua haiko ya kuleta ubwiri vinyoya na kuzimua sukari ndani ya tunda.

Sasa aina. Shamba la mkulima mdogo wa Dodoma kwa kawaida lina moja ya aina mbili, au zote mbili.

Ya kwanza ni Makutupora nyekundu, iliyopewa jina la kituo cha utafiti cha Makutupora, kaskazini mwa mji. Huvumilia joto na udongo wetu wa kichanga, na mvinyo wake ni mwekundu uliokolea. Wataalamu kutoka nje huipita haraka kwa sababu hawaikuti kwenye vitabu vyao. Sisi tunaona hilo ni kosa. Ikivunwa imeiva sawasawa hutoa mvinyo wenye harufu ya zambarau, na ukakasi wake si wa kukausha mdomo mzima.

Ya pili ni Chenin Blanc, zabibu nyeupe iliyotoka bonde la mto Loire nchini Ufaransa na ambayo leo imeenea sana Afrika Kusini. Sifa yake kubwa ni uchachu. Zabibu nyingi zikipigwa na jua kali hupoteza uchachu wake, mvinyo ukawa bapa kama soda iliyofunguliwa jana. Chenin Blanc hushikilia uchachu wake hata kwenye joto, na kwa hiyo Dodoma imeipa makazi mazuri.

Baada ya hizo ipo Syrah, nyekundu, yenye harufu inayokaribia pilipili manga. Huko Hombolo kiwanda cha CETAWICO, kilichoanzishwa kwa mkono wa Waitaliano, kimefanya kazi na aina za kwao kama Teroldego, Marzemino na Aglianico. Usishangae ukizikuta kwenye lebo.

Wengi hudhani mvinyo mweupe hutokana na zabibu nyeupe tu, na mwekundu hutiwa rangi. Sivyo. Kamua zabibu nyekundu, utaona maji yake karibu yote ni meupe. Rangi iko kwenye ganda. Ukiacha maganda yachachuke pamoja na maji kwa siku kadhaa, unapata mvinyo mwekundu, na pamoja na rangi unapata ukakasi, ule wa kukaza ulimi unaoujua ukila bibo au ndizi mbichi. Ukiyatoa maganda mapema, mvinyo unabaki mweupe au wa waridi.

Kilevi hutokana na sukari inayoliwa na hamira. Kila gramu 17 hivi za sukari ndani ya lita moja huleta asilimia moja ya kilevi. Zabibu yenye nyuzi 20 za sukari, yaani karibu gramu 200 kwa lita, hutoa mvinyo wa asilimia 12 hivi. Yenye nyuzi 15 haifiki 9, na mvinyo wake ni mwepesi na haukai. Mnunuzi hupima kwa kifaa kidogo cha mkononi: tone moja la maji ya zabibu kwenye kioo, anatazama kwenye mwanga, anasoma namba. Mkulima, omba nawe uisome. Na usimwagilie maji mengi siku chache kabla ya kuvuna ili kuongeza uzito, maana kilo zitapanda na sukari itashuka, na mnunuzi ataiona.

Tuje mezani, kwa wale wanaokunywa.

Kanuni ni moja, nayo mpishi yeyote anaijua bila kuambiwa: uchachu hukata mafuta. Ndiyo sababu tunakamulia ndimu kwenye samaki wa kukaanga. Chenin Blanc kavu, yaani usio na sukari iliyobaki, hufanya kazi ya ndimu hiyo. Perege wa Mtera aliyekaangwa akakauka, kuku wa kienyeji wa kuchoma, au karanga za kukaanga zenye chumvi, vyote hukaa naye vizuri. Tumeujaribu hata na ugali wa uwele na mlenda, chakula cha Wagogo chenyewe, na tukaona uchachu unausafisha ulimi baada ya ule utelezi. Wapo watakaocheka. Waonje kwanza.

Mvinyo mwekundu unataka nyama. Ukakasi hushikana na mafuta na protini ya nyama, kwa hiyo unapotafuna mbavu ya mbuzi ya kuchoma na kunywa Makutupora, ukali wa mvinyo unapungua na nyama inaonekana laini zaidi. Mvinyo huohuo ukinywa na samaki, mdomo unaweza kukuachia ladha kama ya chuma. Syrah tungeipeleka kwenye pilau ya ng'ombe, kwa sababu ya ile pilipili manga yake.

Pilipili kali ni suala jingine. Kilevi huongeza moto wa pilipili, na ukakasi huongeza zaidi. Mbele ya kachumbari ya pilipili mbuzi, chagua mvinyo mweupe wenye utamu kidogo, na uwe wa baridi. Ule mvinyo mtamu mzito ambao kwenye baa nyingi huitwa dompo, sisi tungeuacha umalizie chakula, pamoja na zabibu kavu au kipande cha keki, kwa glasi ndogo. Utamu wake huficha nguvu, na wengi hushtuka wanapotaka kusimama. Mjamzito, mwenye umri chini ya miaka 18 na anayeendesha chombo waiache kabisa meza hii.

Huna friji? Funga chupa kwa kitambaa kilicholowa maji, iweke kivulini penye upepo, na ukilowanishe tena kila kinapokauka. Ni akili ileile ya mtungi. Kilicho muhimu zaidi ni kutonunua chupa iliyosimama juani kwenye dirisha la duka, maana joto limekwisha kuipika. Ukishaifungua, imalize ndani ya siku mbili au tatu, la sivyo itageuka siki. Siki hiyo nayo usiimwage, ni nzuri kwenye kachumbari.

Limebaki la sokoni, na hapa ndipo panapomuuma mkulima. Mahindi yakikosa mnunuzi unayaweka ghalani. Zabibu iliyoiva haikusubiri. Siku chache tu vichala vinapasuka, nyuki na nyigu wanafika, na ile sukari uliyoilea miezi minne inachachukia mtini. Kiwanda cha serikali cha DOWICO kiliposimama, wakulima waliachwa na mazao mikononi, na wengine waling'oa mizabibu. Leo viwanda vingi ni vya watu binafsi, vikubwa na vidogo, na kila msimu swali ni lilelile: nani atanunua, na lini atakuja.

Anayemiliki tangi halazimiki kuuza siku hiyo. Zabibu zikikamuliwa na kuchachushwa zinakuwa mchuzi wa zabibu, ambao huuzwa kwa jumla kwa viwanda vinavyotia mvinyo chupani, na mchuzi uliohifadhiwa vizuri husubiri miezi. Kikundi kinachoweza kuchangia tangi safi, mtaalamu na kibali kinapata nafasi ya kujadiliana. Asiyetaka habari za kilevi ana njia ya juisi, na ya kukausha: kilo nne hadi tano za zabibu mbichi hutoa kilo moja ya zabibu kavu, na hiyo haiozi.

Kwa mnunuzi wa chupa, geuza usome lebo ya nyuma. Serikali hutoza ushuru wa bidhaa wa chini kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini, kuliko ule wa kutoka nje. Tafuta jina la aina ya zabibu na mahali ilikotoka. Chupa moja ya mililita 750 hutumia kilo moja na kidogo ya zabibu, na kilo hiyo aliibeba mtu asubuhi na mapema, kabla jua halijaipasha.