Je, Wajua? Kioo Hupimwa kwa Kuunguzwa

Je, wajua kwamba ili kujua lenzi itahimili leza kiasi gani, wapimaji huchukua sampuli yake na kuipiga kwa leza mpaka iharibike?

Kwamba uhimilivu huo huhesabiwa kwa jouli kwa kila sentimeta ya mraba? Mwale ukikusanywa pamoja huunguza. Mwale uleule ukitandazwa hupita salama. Ndiyo maana leza kubwa huwa na lenzi na vioo vipana.

Kwamba kuna kanuni ya kimataifa ya vipimo hivi, ISO 21254? Wapo wapimaji wanaopiga kila nukta ya sampuli mara moja na kuhamia nyingine. Wapo wanaorudia nukta ileile mara nyingi, maana iliyostahimili pigo la kwanza huenda ikashindwa na la mia. Kisha hadubini: badiliko lolote la kudumu litakaloonekana ni uharibifu. Utata ni kwamba, kwa nguvu ileile, nukta hii hupona na jirani yake huungua. Kwa hiyo huchorwa grafu ya uwezekano, na kizingiti cha uharibifu husomwa pale uwezekano wa kuungua unapoanza kutoka sifuri. Muuzaji wa lenzi akikutajia namba ya kizingiti bila urefu wa wimbi wala muda wa pigo, muulize tena, maana kizingiti hutegemea vyote viwili.

Kwamba kosa mara nyingi si la kioo? Ni vumbi, uchafu wa kung'arishia na nyufa zisizoonekana kwa macho.

Kwamba kioo angavu aghalabu huungua kwanza upande wa nyuma, mwanga unakotokea?

Kwamba mwaka 1985, Donna Strickland na Gérard Mourou, wakiwa Rochester, Marekani, walipata njia ya kukuza mapigo mafupi ya leza bila kuunguza kikuzaji? Pigo hurefushwa kwanza, hukuzwa, ndipo hubanwa. Nobeli ya Fizikia ikawafikia 2018.

Na kwamba NIF, leza ya miale 192 huko Livermore, California, huishi na majeraha haya? Tarehe 5 Desemba 2022 ilipeleka megajouli 2.05 kwenye shabaha, na muungano wa nyuklia ukatoa 3.15. Vioo vyake vya mwisho, vinavyopitisha mwanga wa urujuanimno, hupata vishimo ambavyo vikiachwa hukua kila pigo. Vioo hutolewa, na vishimo hutibiwa kwa leza nyingine, ya kaboni dioksidi, kisha vioo hurudishwa kazini.