Chembe za Theluji Zilizoachwa

Msomaji wetu aliyezoea kuiona theluji kwa mbali tu, kileleni Kilimanjaro, huenda asisadiki kwamba palikuwa na mtu aliyeipiga picha chembe moja moja, wakati wa baridi kali, ndani ya banda lisilo na moto. Mtu huyo ni Wilson Bentley, mkulima wa Jericho katika jimbo la Vermont, Marekani. Tarehe 15 Januari, 1885, kabla hajatimiza umri wa miaka 20, aliunganisha kamera na hadubini, akafaulu.

Theluji ilipoanguka aliikinga kwa ubao mweusi, akateua chembe iliyo nzima, akaihamisha kwa kijiti hadi kwenye kioo, kisha akailaza taratibu kwa unyoya wa ndege. Yote hayo ilimpasa ayatende huku amezuia pumzi, maana pumzi moja ingetosha kuiyeyusha. Aliendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 40, akaacha picha zaidi ya 5,000.

Hata hivyo hakukosa wa kumlaumu. Bentley alikuwa na desturi ya kutoa nakala ya negativu na kukwangua utando wa dawa ulioizunguka chembe, ili picha itokee nyeupe juu ya weusi. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Ujerumani, Gustav Hellmann, alisema huko ni kuzichezea picha. Yeye alitegemea picha za mwenziwe, Richard Neuhauss, ambazo zilionyesha chembe nyingi zenye kasoro.

Sisi hatuoni kosa kubwa katika kukwangua. Lililo zito zaidi ni uteuzi. Chembe zilizo nyingi huanguka zimevunjika, au zimegandamana, au pande zake hazilingani. Bentley alipendelea zile zenye ncha sita zilizo sawa. Kitabu chake cha mwaka 1931 kilikuwa na picha zaidi ya 2,000, nazo zilisaidia kuufanya ulimwengu udhani kila chembe ni ua. (Hata kadi za Krismasi ziuzwazo katika miji yetu ya joto hufuata mtindo huo.)

Bentley alifariki tarehe 23 Desemba mwaka ule ule, kwa nimonia, baada ya kutembea katika dhoruba ya theluji. Bidii yake tunaistahi. Lakini tunawaomba wapigapicha wanaoifanya kazi hiyo leo waandike chini ya picha, hata kwa mstari mmoja, ni chembe ngapi walizozitupa kabla ya kuipata ile moja.