Kiuno kikiuma Kilosa: ulipie nini, uache nini

Mkata miwa wa Ruembe, mvunaji mkonge wa Kimamba na dereva wa lori anayepumzika Mikumi akielekea Tunduma wote wanakijua kiuno kinachogoma kunyooka asubuhi. Ushauri wa vijiweni nao haubadiliki: meza diklofenaki, chomwa sindano, vaa mkanda, au vuta bangi kidogo utulie. Nimezilinganisha njia hizo kwa pesa na kwa afya. Ya bangi ndiyo ghali kuliko zote, hata ukipewa bure.

Msingi wa kitabibu wa bangi upo. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti wa Ujerumani na Austria uliohusisha watu 820 wenye maumivu sugu ya kiuno. Waliopewa dondoo ya bangi walianza na miligramu 2.5 za THC, kile kiambata kinacholevya, wakapandishwa taratibu, mwisho 32.5 kwa siku. Baada ya wiki 12, katika kipimo cha maumivu cha sifuri hadi 10, waliwazidi nafuu wenzao waliopewa dawa bandia kwa alama 0.6. Nafuu ipo, lakini ndogo, na wengi walipata kizunguzungu. Dondoo ile ilipimwa maabara. Msokoto wa mtaani hauna miligramu zilizoandikwa popote. Anayeuvuta hajui amepata mbili au hamsini, kisha anashika panga au usukani. Juu ya hayo ipo sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015: kulima bangi kunaweza kumfunga mtu hadi miaka 30. Familia ndiyo italipa bei hiyo.

Vidonge navyo vina hesabu yake. Ibuprofeni ya miligramu 400 mara tatu kwa siku humaliza vidonge 10 katika siku tatu na kidogo. Duka la dawa muhimu likiuza vidonge hivyo 10 kwa shilingi 1,000, unatumia 300 kwa siku. Kwa siku chache, baada ya chakula, ni matumizi mazuri. Ukivifanya vya mwezi mzima unalipa 9,000, na unaweka hatarini tumbo, figo na presha. Diklofenaki ni ya jamii hiyohiyo, kwa hiyo usizimeze pamoja. Ukichomwa sindano yake, dawa ni ileile ila unaongeza gharama ya bomba na mchomaji. Panadoli peke yake, kwa kiuno kilichouma ghafla, haikuharakisha kupona kuliko dawa bandia katika utafiti mkubwa wa Australia wa mwaka 2014.

Mkanda wa kiuno uache dukani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unashauri usitumike kama tiba ya kawaida, na unatanguliza mazoezi na elimu ya kuutunza mgongo.

Kwa hiyo pesa yangu ningeiweka kwenye nauli. Anza hospitali ya wilaya Kilosa au St. Kizito pale Mikumi, uulize mtaalamu wa fiziotherapia. Ukielekezwa hospitali ya rufaa ya mkoa Morogoro, wa Mikumi ana mabasi ya barabara kuu, na wa Kilosa tangu 2024 ana treni ya umeme. Usitoke bila mazoezi ya kufanya nyumbani na bila kuonyeshwa namna ya kuinua mzigo. Nauli hiyo huenda ukailipa mara moja tu, mazoezi yakabaki yako. Wakati huo endelea na kazi nyepesi na utembee. Kulala kitandani wiki nzima hukaza mgongo na kukunyima kipato.

Kuna viuno visivyotaka mazoezi kwanza. Kwa wafugaji na wote wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa, maumivu yenye homa inayokuja na kuondoka yanaweza kuwa ya ugonjwa wa brusela, ambao hutibiwa kwa antibiotiki baada ya vipimo. Kukonda, jasho la usiku na maumivu yasiyolala yanaweza kuashiria kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho hupimwa na kutibiwa bila malipo serikalini. Na mkojo ukikataa kutoka, miguu ikilegea, au ganzi ikishika sehemu za siri, panda bodaboda uende hospitali saa hiyohiyo.