Nguo Iliyokuwa Hekalu

Mtu akifungiwa mlango wa nyumba ya ibada, atasali wapi? Swali hilo lilijibiwa zamani na Wavaghari wa Gujarati, katika Bara Hindi, nchi ile ile walikotoka wazee wa Wahindi wengi wa hapa Kenya. Watu hao, ambao siku hizi huitwa Devipujak, yaani waabudu wa Mungu Mama, walihesabiwa kuwa duni, wakakatazwa kuingia katika mahekalu. Basi walitwaa nguo ya pamba, wakachora hekalu juu yake.

Nguo hiyo huitwa Mata ni Pachedi, maana yake nguo iliyo nyuma ya Mama. Zikitundikwa kadha wa kadha pande zote, na nyingine ikatandazwa juu kama dari, mahali palipokuwa uwanja mtupu huwa patakatifu. Katikati hukaa Mama mwenyewe, naye hujulikana kwa mnyama wake: Bahuchara hupanda jogoo, Meldi beberu mweusi, na Khodiyar mamba. Mtu aliyeweka nadhiri, haja yake ikitimizwa, huja kuitoa nguo kuwa shukrani.

Kazi yenyewe haitaki haraka. Kwanza nguo huoshwa ili wanga utoke, ikachovywa katika maji ya tunda liitwalo harda, ikaanikwa. Wino mweusi hutokana na chuma chenye kutu kilicholowekwa pamoja na sukari guru kwa siku nyingi, kisha huongezwa unga wa kokwa za ukwaju ili uwe mzito. Fundi huchora kwa kijiti cha mwanzi, au hupiga chapa za mti. Panapotakiwa wekundu hupakwa shabu, na wekundu huo hautokei mpaka nguo ichemshwe katika rangi ya alizarini. Kabla ya hapo huoshwa katika maji yaendayo, kama ya mto Sabarmati mjini Ahmedabad. Kwa kuwa katika maji yaliyotuama rangi iliyozidi hurudi na kuchafua penye weupe.

Rangi hizo nazo zina maana. Nyekundu ni ya Mama na ya ardhi, nyeusi hufukuza pepo wabaya, na nyeupe ni usafi.

Ufundi huu umehifadhiwa na jamaa za Chitara, jina lenye maana ya mchoraji. Baba, mama na watoto hushirikiana. Mwaka 2023 Serikali ya India ilimpa Bwana Bhanubhai Chitara nishani ya Padma Shri. Hivyo kazi iliyozaliwa kwa kudharauliwa ilipata heshima ya taifa zima.

Lakini siku hizi wako wanunuzi wanaoitaka nguo hii kwa kupamba ukuta tu. Si vibaya kupamba nyumba. Walakini, mwenye kuitundika na aulize kwanza huyo Mama aliye katikati ni nani, na wale waliomchora walikuwa wamekatazwa mlango gani.